Filamu ya Kutisha, Ukumbi Mtupu: Mambo Yanayokuangukia Wewe

Filamu ya kutisha isiyotangazwa hupewa ukumbi mdogo, saa mbaya na wiki moja. Bango halipo, redioni haitajwi, na ukiingia unakuta viti mia na hamsini na watu watatu. Wengi wakiona hivyo hurudi kaunta kuomba wabadilishiwe tiketi. Wanajinyima, maana hakuna mahali pazuri pa kutazama filamu ya aina hii kuliko hapo. Ila kuna sharti. Watu wanapojaa ukumbini hufanya kazi nyingi bila wenyewe kujua: miili yao humeza sauti, huupasha ukumbi joto, malalamiko yao humfikia mhudumu picha ikiharibika, na kicheko cha mmoja humpunguzia mwenzake woga. Wasipokuwepo, kazi zote hizo ni zako.

Iwahi kabla haijaondolewa

Ratiba za kumbi zetu, kuanzia Century Cinemax ya Mlimani City pale Dar es Salaam hadi Nyali Cinemax ya Mombasa, hupangwa kwa wiki, na filamu mpya kwa kawaida huingia Ijumaa. Filamu yenye fedha za matangazo hulindwa na msambazaji hata ikianza vibaya. Isiyo nazo hulindwa na mauzo ya Ijumaa hadi Jumapili tu. Hesabu za siku hizo tatu ndizo zinazoamua ratiba ya wiki inayofuata, na filamu ikinusurika hubaki na onyesho moja, mara nyingi la mchana watu wakiwa kazini au la mwisho usiku. Kwa hiyo usijiambie utaiona wiki ijayo. Ukitaka utulivu, lenga Jumatatu hadi Alhamisi ya wiki ya kwanza, onyesho la kati ya saa 8 mchana na saa 12 jioni.

Onyesho la kwanza kabisa la Ijumaa liache, kwa sababu ya kiufundi ambayo watazamaji wengi hawaijui. Siku hizi filamu hufika ukumbini kama faili lililofungwa kwa msimbo, na ufunguo wake hutumwa peke yake. Ufunguo huo hutengenezwa kwa ajili ya mashine moja ya ukumbi mmoja, na una saa ya kuanza kazi na saa ya kwisha. Ukichelewa, au ukiwa wa mashine nyingine, hakuna mfanyakazi pale anayeweza kuifungua filamu. Itabidi waombe mwingine. Filamu kubwa hujaribiwa mapema usiku wa kuamkia Ijumaa. Filamu ndogo huweza kugundulika ina tatizo pale pale wewe umeshakaa na bisi mkononi.

Nunua tiketi angalau nusu saa kabla. Kuna kumbi zisizoanzisha onyesho ikiwa hakuna tiketi hata moja iliyouzwa hadi saa yenyewe, na nyingine zina idadi ya chini ya watu. Kaunta uliza waziwazi: "Onyesho hili lina kiwango cha chini cha watu? Likiahirishwa, narudishiwa pesa au napewa tiketi ya siku nyingine?" Kama ukumbi unauza kwa mtandao, ramani ya viti itakuonyesha vilivyokwisha kuchukuliwa. Itazame saa mbili kabla, halafu tena unapolipa.

Sasa, utajuaje kama filamu yenyewe inastahili nauli yako? Kukosa matangazo hakusemi chochote kuhusu ubora. Filamu za kutisha hutengenezwa kwa bajeti ndogo, na msambazaji anaweza kukataa kutumia kwenye matangazo fedha nyingi kuliko zilizotumika kuitengeneza. Marekani, Januari na mwisho wa Agosti ni nyakati ambazo kampuni hutoa filamu zisizo na uhakika nazo, lakini ndani ya fungu hilo huwa na vito. Tazama mwongozaji alifanya nini kabla. Tazama kama filamu ilipita kwenye matamasha yanayojua fani hii, kama Sitges la Hispania, Fantasia la Montreal au Fantastic Fest la Austin. Wachaguzi wa huko wameshaona kila mbinu ya kushtua watu na hawadanganyiki kirahisi. Alama za watazamaji wa siku ya kwanza zisikutishe. Kwenye kipimo cha CinemaScore filamu za kutisha hupata alama za chini kwa desturi, hata zile zinazokuja kuheshimiwa baadaye, kwa kuwa mtu aliyetoka na hofu au aliyechukizwa na mwisho wa hadithi huadhibu kwa alama. Trela itazame sekunde 40 za mwanzo, kisha izime. Nusu ya pili ya trela za kutisha ndiyo inayomwaga siri.

Na daraja la umri liheshimiwe hata kama ukumbi ni mtupu na mhudumu mlangoni hajali. Kenya, bodi ya uainishaji hutumia GE (watu wote), PG (mtoto aangaliwe na mzazi), 16 na 18; Tanzania, kazi hiyo ni ya Bodi ya Filamu. Mtoto wa miaka 9 hana pa kujificha kwenye ukumbi wenye watu watatu.

Kiti

Ukumbi mtupu unakupa uhuru wa kukaa popote, na wengi huutumia vibaya kwa kwenda mstari wa mwisho ili wawe na ukuta mgongoni. Inaeleweka kwa filamu ya kutisha, lakini kisauti hapo ndipo mahali pabaya kuliko pote. Besi hujikusanya karibu na ukuta na kuvimba, na spika za nyuma zinakuwa juu ya kichwa chako, hivyo mlio uliokusudiwa utoke mbali nyuma yako unakuja kama mtu anagonga dari. Pembeni nako, spika moja ya ukutani hufunika nyingine zote.

Mafundi wanaopima sauti ya ukumbi huweka vipaza sauti vyao vya kupimia kama theluthi mbili ya umbali kutoka kwenye skrini, katikati. Kaa hapo. Ukitaka kuhakikisha na picha, pima kwa shubiri: nyoosha mkono mbele yako, tanua vidole, na uhesabu shubiri kutoka ukingo mmoja wa skrini hadi mwingine. Shubiri mbili ndiyo sawasawa, kwa maana picha inakujaza macho bila kukulazimisha kugeuza shingo. Shubiri moja na nusu bado inafaa. Ikipungua hapo, skrini imekuwa televisheni, na giza la pembeni ambalo mwongozaji amelitegea kitu hulioni. Kwa skrini ya upana wa mita 10, shubiri mbili ni kukaa mita 12 hadi 15 kutoka kwenye skrini.

Kama filamu imepigwa kwa kamera ya mkononi inayotikisika, na kichwa chako hakistahimili, rudi nyuma mistari mitatu au minne. Kichefuchefu kikianza, kaza macho kwenye ukingo wa skrini, mahali palipotulia, na uwe na pipi ya tangawizi mfukoni.

Trela ni muda wako wa ukaguzi

Hili ndilo jambo ninalolisisitiza kuliko mengine yote. Kwenye kumbi nyingi za sasa hakuna mtu ndani ya chumba cha projekta. Kompyuta inafuata orodha iliyopangwa asubuhi: matangazo, trela, taa zipungue, filamu ianze, taa ziwake. Ukumbi ukijaa na kitu kikaharibika, watu ishirini hutoka kulalamika. Mkiwa watatu, kila mmoja hungoja mwenzake, na filamu nzima huchezwa katika hali mbovu. Una dakika 10 hadi 15 za trela kugundua tatizo na kutoka kulisema kabla filamu haijaanza. Baada ya hapo, kumshawishi meneja airudishe mwanzo ni kazi.

Anza na taa. Filamu isiyotarajiwa kuuza huingizwa kwenye orodha kwa haraka, na amri ya kuzima taa za ukumbi husahaulika au hukwama kwenye nusu mwanga wa matangazo. Taa ndogo za ngazi na za mlango wa dharura lazima zibaki, hizo usizilalamikie. Lakini ukiweza kusoma tiketi yako wakati filamu inaanza, taa za juu hazijazimwa. Katika vichekesho ungevumilia. Katika filamu ya kutisha, mwanga huo huanguka kwenye skrini na kugeuza weusi kuwa kijivu, na kila kilichofichwa gizani kinapotea kabisa.

Kisha ung'avu. Kiwango cha kimataifa cha picha ya kawaida ukumbini ni kandela 48 kwa mita ya mraba. Taa ya zenoni ya projekta ikizeeka hushuka chini ya hapo polepole kiasi kwamba wafanyakazi wa kila siku hawatambui. Sababu nyingine ni kifaa cha 3D kilichosahaulika mbele ya lenzi baada ya filamu iliyotangulia, nacho hula sehemu kubwa ya mwanga. Geuka utazame dirisha la projekta: kwa baadhi ya mashine, ukiona miali miwili, mmoja juu ya mwingine, badala ya mmoja, basi lenzi ya 3D haijatolewa. Kwenye trela angalia nguo nyeupe au anga la mchana. Nyeupe ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, ripoti.

Umbo la picha ni la kuliangalia mara moja tu. Filamu nyingi huwa na upana mara 1.85 ya kimo au mara 2.39. Mpangilio ukikosewa, vipaji vya nyuso hukatwa, majina hupita nje ya skrini, au picha inakaa ndogo katikati ikizungukwa na weusi pande zote nne. Kwa filamu ya Kikorea, ya Kiindonesia au ya Kihispania kuna hatari ya ziada. Maandishi ya tafsiri yanaweza kuwa faili tofauti na picha, na toleo lisilo sahihi likipakiwa, hayatokei kabisa. Mtu wa kwanza akisema sentensi mbili bila maandishi, simama utoke hapo hapo, usingoje ya tatu.

Sauti inataka maelezo marefu kidogo, kwa kuwa filamu ya kutisha ni sauti zaidi kuliko picha. Kwenye mashine za sauti za Dolby zilizozoeleka, namba 7 ya kipandisha sauti ndicho kiwango ambacho sauti ilichanganywa nacho studio. Chini ya hapo, hadi namba 4, kila namba moja hupunguza kama desibeli 3.3. Kinachotokea ni hiki: matangazo na trela hutengenezwa kwa kelele, wateja wanalalamika, mfanyakazi anashusha hadi 5 au 4.5, na inabaki hapo hadi filamu yenyewe. Kwa filamu ya kutisha hasara ni kubwa. Mnong'ono na ubao unaolia chumba cha pili vinazama chini ya mvumo wa kiyoyozi, na umbali kati ya ukimya na kishindo unafupishwa, ilhali umbali huo ndio uliobeba woga wote.

Je, uombe 7? Kwenye ukumbi mtupu, hapana. Viti vya sponji hutengenezwa ili vimeze sauti karibu sawa na mtu aliyeketi, lakini si sawa kabisa, na sauti kali za juu hubaki zikirukaruka zaidi pasipo miili na nguo. Namba 6 inatosha, 6.5 ikiwa ukumbi una zulia na kuta zenye kitambaa kizito. Usimwambie mhudumu "ongezeni sauti" tu. Mwambie: "Ukumbi namba 4, maneno hayasikiki kwenye sehemu za kimya, naomba mpandishe namba moja." Ombi lenye kipimo hutekelezwa.

Angalia pia kama spika zote zinafanya kazi. Maneno ya waigizaji yatoke katikati, nyuma ya skrini. Muziki ukiyafunika, au yakisikika kama yanatoka mbali, spika ya kati ina kasoro. Kwenye trela zenye mvua, helikopta au umati, sikiliza ubavuni na nyuma. Pakiwa kimya kabisa, nusu ya mitego ya filamu haitakufikia.

Unapotoka, mwendee anayekagua tiketi mlangoni, na akisita mwulize meneja wa zamu. Shika tiketi mkononi, taja namba ya ukumbi, jina la filamu na tatizo kwa sentensi moja. Kwa adabu, na bila kuondoka hapo mpaka umeona mtu anakwenda kulishughulikia.

Baridi

Mtu aliyeketi hutoa joto la kama wati 100. Watu 200 ni kilowati 20, na kiyoyozi cha ukumbi kimewekwa kwa ajili ya kupambana na joto hilo. Mkiwa watatu, kinapambana na hewa tu, na baada ya dakika 40 meno yanagongana. Usumbufu huu unaweza kukutoa katikati ya filamu kabla ya hofu. Beba sweta, kanga au kikoi hata kama nje Dar inachoma. Vaa viatu vilivyofungika na soksi, kwa maana hewa baridi hutulia sakafuni. Kabla ya kukaa, inua mkono juu ya kiti uone kama hewa ya tundu inakushukia. Songa viti viwili ikibidi. Unaweza pia kuomba wapandishe hadi nyuzi 24.

Baridi hufanya kibofu kijae haraka. Filamu hizi nyingi ni za dakika 90 hadi 100, hivyo chupa ndogo ya maji inatosha, na msalani upite dakika tano kabla ya kuingia. Ikibidi kutoka, nafasi nzuri ni baada ya tukio kubwa la kwanza, wahusika wanapoanza kuulizana na kutafuta majibu, mara nyingi kati ya dakika ya 35 na ya 45. Baada ya saa moja usithubutu. Bisi hamishia kwenye leso au bakuli laini wakati wa matangazo. Kwenye ukumbi wa watu watatu, mfuko wa plastiki unasikika hadi mstari wa kwanza.

Woga wenyewe

Kushtuka ni kitendo cha mwili kinachotangulia akili. Kope hufumba kabla hata ya kutambua umesikia nini, na majaribio yameonyesha kwamba binadamu hushtuka kwa nguvu zaidi gizani kuliko kwenye mwanga. Kusubiri kitu kibaya nako huongeza nguvu hiyo. Ukumbi mtupu una giza, una kusubiri, na hauna kicheko cha kuivunja hali hiyo. Mvutano hujilimbikiza mwilini, na usipoutoa utakuwa na mabega yaliyokakamaa hadi usiku.

Utoe kwa pumzi. Vuta kwa sekunde 4, toa kwa 6, mara tano, kila tukio linapokwisha. Shusha mabega, fungua viganja. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu achana navyo saa tano au sita kabla, kwa kuwa moyo unaodunda kwa kahawa hukufanya uhisi hofu ambayo filamu haijaitengeneza bado.

Ukihisi kishindo kinakuja na hukitaki, usifumbe macho tu. Kinachoshtua ni sauti inayopanda ghafla. Bonyeza masikio kwa vidole na uendelee kutazama. Picha bila mlio huwa nyepesi ajabu, na hadithi huikosi. Vizibo vya sponji vya dukani vina nguvu ya kutosha, karatasi ya msalani haisaidii.

Simu izimwe kabisa. Jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza vizuri, na kutazama saa kwenye skrini yenye mwanga huirudisha hesabu hiyo nyuma sana. Hapo ndipo mtu hulalamika filamu ilikuwa na giza mno.

Wenye kifafa wawe na tahadhari maalumu, maana filamu isiyotangazwa mara nyingi haina onyo lililobandikwa mlangoni. Mimweko ya kati ya 3 na 30 kwa sekunde inaweza kuamsha kifafa kwa wenye wepesi huo, hasa ya 15 hadi 25. Ikianza ghafla, ziba jicho moja lote kwa kiganja na ugeuke pembeni. Kufumba kope peke yake hakutoshi, mwanga hupenya. Walioambiwa na daktari waepuke mishtuko wamwulize kwanza.

Wenzako wachache, na njia ya kurudi

Mkiwa watatu au wanne, acha mistari miwili kati yenu. Usikae nyuma moja kwa moja ya mtu aliye peke yake, hasa mwanamke. Filamu imeshamwogopesha, asiogope na wewe. Salamu fupi ukiingia inatosha kumjulisha kila mmoja nani yuko wapi, na taa zikizima hakuna atakayeshtuliwa na kikohozi cha jirani.

Kwa onyesho la mwisho, uliza kabla ya kuingia ni mlango gani wa jengo utakaokuwa wazi baada ya saa 5 usiku, kwa kuwa maduka yakifungwa milango mingi hufungwa, na mlango wa dharura wa ukumbi unaweza kukutoa uani kwenye maegesho ya mizigo. Rudi kwa njia uliyoingilia. Bajaji, teksi au Bolt iite ukiwa ndani, penye walinzi na mwanga, wakati majina ya mwisho yanapita. Majina hayo yakae hadi mwisho kama huna haraka, maana waongozaji wa fani hii hupenda kuficha kipande baada yake.

Na kama uliiona Ijumaa au Jumamosi ya kwanza na imekupendeza, waambie watu kabla ya Jumapili jioni, ukitaja jina la filamu, ukumbi na saa ya onyesho. Hesabu ya wiki inafungwa hapo, na tiketi kumi na tano za ziada kwenye ukumbi mdogo zinaweza kuipa wiki ya pili.